GMO, GMO, GMO: Na Makasi Je?

Wasomaji wangu, leo mnivumilie. Kwa kawaida hapa tunazungumza habari za programu, hifadhidata na simu zinazogoma kuwaka. Leo nataka kugombana juu ya viazi vitamu, au mabwoni kama wengi wanavyoviita huku kwetu Kitale na Bungoma. Waliokuja kutafuta sehemu ya pili ya somo la Python, itakuja wiki ijayo, msiwe na wasiwasi.

Kilichonichokoza ni huu mjadala wa GMO. Tumeuimba Kenya tangu Novemba 2012, Baraza la Mawaziri lilipopiga marufuku vyakula hivyo. Oktoba 2022 baraza jingine likaondoa marufuku. Watu wakaenda kortini, na Machi 2025 Mahakama ya Rufani ikaweka zuio hadi rufaa isikilizwe. Miaka yote hiyo nimesikiliza redio, mahubiri, vijiwe vya bodaboda hapa Tuwan, na wataalamu wenye tai. Kambi moja inaapa kwamba GMO ni sumu. Ya pili inaapa kwamba GMO ndiyo mkombozi wa mkulima. Mimi nawauliza wote swali moja na hakuna anayenijibu: hiyo "kinga ya virusi" mnayobishania inafanya kazi vipi ndani ya jani? Ina umbo gani? Inakata nini?

Maana inakata. Kila mmea ulio hai una makasi ndani yake, na usipoyajua hayo makasi unabishana juu ya jina tu.

Haya, tuyaangalie. Chukua jani la sukuma wiki, la mahindi, la muhogo, lolote. Ndani ya seli zake kuna vimeng'enya vinavyokata RNA. RNA ni nakala ya kazi ambayo seli huitoa kwenye DNA. Kwa lugha yetu ya mafundi wa kompyuta, DNA ni kodi iliyolala kwenye diski, na RNA ni ile iliyopakiwa kwenye kumbukumbu ili itekelezwe. (Kodi ya programu jamani, si ile ya KRA.) RNA ya kawaida ni uzi mmoja. Virusi vingi vya mimea vimeandikwa kwa RNA, na vinapojinakili hupitia hatua ambapo nyuzi mbili ndefu zimeshikana. Seli ikikutana na nyuzi mbili za namna hiyo, hiyo ni dalili kwamba kuna mgeni asiyebisha hodi.

Anayefika kwanza ni kimeng'enya kiitwacho daisa. Umbo lake ndilo lililonikosesha usingizi nilipoanza kusoma mambo haya. Upande mmoja kina mfuko unaoshika ncha ya RNA. Upande wa pili kina meno mawili ya kukatia, yote ya ukoo wa vimeng'enya uitwao RNase III. Umbali kati ya mfuko na meno ndio futi ya kupimia. Fundi cherehani anashika pindo la kitambaa kwa kidole, ananyoosha futi, anakata palepale kila mara. Daisa nayo hivyo hivyo. Mwaka 2006 watafiti walipopata umbo la daisa ya kijidudu kiitwacho Giardia, walikuta umbali huo ni kama nanomita 6.5, ambao ni urefu wa herufi 25 hivi za RNA. Kwa mimea tulisubiri mpaka 2021 ndipo maumbo ya daisa mbili za Arabidopsis, kile kimmea kidogo cha maabara, yakachapishwa.

Vipande vilivyokatwa vinapokelewa na agonauti. Hii inachukua kipande, inatupa uzi mmoja, inabaki na mwingine kama kielelezo, kisha inatafuta ndani ya seli RNA yoyote yenye maandishi yanayolingana nacho. Ikiipata inaikata, kati ya herufi ya 10 na ya 11 ukihesabu kutoka mwanzo wa kielelezo. Wanaotumia Linux wanaijua amri ya grep. Basi hiyo ni grep yenye panga. Na herufi 21 za alfabeti ya herufi nne zinaweza kupangwa kwa namna zaidi ya trilioni 4, kwa hiyo si rahisi RNA ya mwenyeji ilingane na kielelezo chote kwa bahati mbaya. Nimesema si rahisi. Nitarudi hapo, kwa sababu ndipo wapinzani wa GMO wangekuwa na hoja kama wangesoma.

Sasa, nani alitengeneza mashine hii? Makasi haya yapo kwa mimea, kwa wanyama na kwa kuvu, maana yake babu yetu wa pamoja alikuwa nayo, zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita. Chachu ya kuokea mikate iliyatupa yote njiani na bado inaishi. Binadamu tumebaki na daisa moja. Nzi wa matunda ana mbili. Mimea ya maua ina nne au zaidi: jeni ilijinakili, nakala zikaachwa zibadilike taratibu, kila moja ikapata kibarua chake. Ya kwanza hutengeneza vipande vinavyoratibu ukuaji wa mmea wenyewe. Ya tatu hukata herufi 24 na kazi yake ni kunyamazisha sehemu za DNA ambazo hazifai kuamshwa. Ya nne hukata herufi 21, na ndiyo askari wa zamu dhidi ya virusi. Ya pili hukata herufi 22 na kushika lindo ya nne ikizidiwa. Hilo lilionyeshwa mwaka 2006. Mtu yeyote aliyewahi kuamshwa saa nane za usiku kwa sababu seva imeanguka anaelewa thamani ya seva ya akiba. Mmea uliligundua jambo hilo kabla hatujawa na vidole.

Mahindi na mpunga zina hata ya tano, inayohusika na ua dume. Mwaka 2020 ilionyeshwa kwamba mahindi yasiyo na daisa hiyo huwa tasa upande wa kiume joto likipanda. Hapa Kitale, mji wa Kenya Seed, ambako vijana hulipwa kung'oa mbelewele kwa mkono kwenye mashamba ya mbegu, ningetegemea habari hiyo izungumzwe hadi sokoni. Sijaisikia popote.

Turudi kwenye ugomvi. Miaka ya 1990 KARI (leo KALRO) ikishirikiana na kampuni ya Monsanto ya Marekani ilianza mradi wa kutengeneza kiazi kitamu chenye kinga dhidi ya virusi vinavyoitwa SPFMV. Waliweka ndani ya kiazi jeni ya ganda la virusi hivyo. Mbinu ya namna hiyo kwa kawaida haihitaji makasi mapya, inategemea makasi ya mmea wenyewe: unaupa mmea kipande cha maandishi ya adui, nao unakitumia kama kielelezo. Ilifanya kazi vizuri kwa mapapai ya Hawaii, yaliyofika kwa wakulima mwaka 1998. Majaribio ya viazi yakafanyika katika mashamba ya utafiti hapa Kenya kuanzia mwaka 2000. Mradi ulisifiwa kote duniani kama mfano wa teknolojia kumfikia mkulima mdogo wa Afrika.

Mapema mwaka 2004 magazeti yakaripoti kwamba viazi vile havikuonyesha kinga yoyote ya maana. Vilishindwa.

Na hapa ndipo kambi zote mbili zilipoiangusha nchi. Wapinzani walipiga vigelegele: mnaona, GMO haifanyi kazi! Waungaji mkono wakabadilisha mada, wakaenda kwenye mahindi na pamba. Karibu hakuna aliyekuja kumweleza mkulima wa Bumula au wa Kimilili ni kwa nini ilishindwa. Sababu inajulikana vizuri, sehemu yake imetokana na virusi vilivyookotwa Uganda, tena watafiti wa Uganda wameshiriki kuitafuta. Imelala kwenye majarida ya Kiingereza zaidi ya miaka 15.

Sababu ni hii. Kiazi cha mkulima hapa kwetu hakiugui SPFMV peke yake. SPFMV, inayoletwa na vidukari, ikiwa peke yake mara nyingi kiazi huimudu hata usione dalili. Shida inaanza ikija pamoja na virusi vingine, SPCSV, vinavyoletwa na nzi weupe. Hapo majani yanajikunja, mmea unadumaa, na chini unavuna mizizi kama kidole. Mwaka 2000 Robert Karyeija wa Uganda na wenzake walionyesha kwamba virusi hivyo viwili vikikutana, SPFMV huongezeka takriban mara 600. Cha ajabu, SPCSV yenyewe haiongezeki. Ni kama mtu anayefungua mlango wa duka usiku, kisha anasimama kando wengine waibe.

Mlango ulifunguliwaje? Mwaka 2005 jibu likatoka: SPCSV ina makasi yake yenyewe. Ndiyo, virusi vinavyotembea na RNase III! Na umbo lake linasimulia historia nzima. RNase III ya bakteria, inayojulikana tangu mwaka 1968, ina jino moja tu; haikati mpaka mbili zishikane pamoja. Daisa ni ukoo huohuo, ila meno mawili yameunganishwa kwenye mwili mmoja, yakaongezewa mfuko na futi. Ya virusi hivi imefanana na ile ya zamani: jino moja, hakuna mfuko, hakuna futi. Haihitaji kupima chochote, kwa sababu kazi yake ni kuharibu. Inavichukua vile vipande vya herufi 21, 22 na 24 ambavyo daisa imekata kwa uangalifu, inavikatakata hadi vinabaki kama herufi 14. Agonauti haiwezi kuvitumia. Kielelezo kimeliwa. Watafiti walipoharibu sehemu ya kukatia ya kimeng'enya hicho, hila yote ikaisha.

Mwaka 2009 wakafanya jaribio ambalo, kwa maoni yangu, lilistahili kuwa habari ya ukurasa wa kwanza Nairobi na Kampala. Walichukua kiazi cha Peru kiitwacho Huachano, kinachojulikana kwa kuimudu SPFMV. Wakakiwekea jeni hiyo moja tu ya makasi ya SPCSV. Kinga ikaanguka kabisa, kiazi kikaugua vibaya kwa SPFMV kama cha shambani. Jeni moja!

Kwa hiyo sasa rudini kwenye kiazi cha 2004 mkiangalie upya. Walikiwekea kinga dhidi ya virusi A. Kinga hiyo, kwa sehemu kubwa, ni makasi ya mmea. Na katika mashamba yetu virusi A hutembea na virusi B, ambavyo kazi yake ni kuvuruga makasi hayohayo. Ni sawa na kuongeza orodha ya virusi kwenye programu ya ulinzi ya kompyuta ambayo tayari kuna kitu kimeizima. Utaongeza orodha mpaka uchoke.

Mtasema basi wangeanza na virusi B. Walijaribu! Mwaka 2008 yakachapishwa matokeo ya viazi vilivyowekewa kielelezo cha kukata SPCSV yenyewe. Virusi vilipungua sana, dalili zikapungua. Lakini SPFMV ilipoongezwa, ile SPCSV kidogo iliyobaki ilitosha kufungua mlango. Hilo ni jibu chungu na ni la kweli, na lina thamani kuliko hotuba zote za "GMO itatulisha" nilizosikia maishani.

Juzi jirani yangu hapa Tuwan, mama mwenye kishamba upande wa Bungoma, alinionyesha marando yake. "Mwanangu, haya nilipewa na mama mkwe. Zamani yalikuwa yanajaza gunia. Sasa ona, majani yamekuwa manjano na chini hakuna kitu." Nikamwambia, mama, hayo ni virusi, na vinasafiri na marando yenyewe, kila ukikata na kupanda unavipanda navyo. Akaniuliza dawa inauzwa duka gani. Dawa ya kunyunyiza hakuna, mama. Kuna marando yaliyosafishwa maabara, ambayo KEPHIS hushughulikia kule Muguga, na kuna kung'oa wagonjwa mapema. "Muguga ni wapi?" akauliza. Nimejaribu kumtafutia marando hayo karibu na Kitale na ninaendelea kutafuta.

Sasa mjadala umehamia kwenye muhogo, na naona kosa lilelile linakuja. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia, uliotambuliwa na H. H. Storey kule Amani, Tanganyika, mwaka 1936, kwa miongo mingi ulikuwa wa pwani na nyanda za chini. Tangu mwaka 2004 ukaonekana ukipanda nyanda za juu za Uganda, kisha ukasambaa hadi magharibi mwa Kenya. Muhogo unaonekana mzima juu; ukiuchimba na kuukata ndani umeoza. KALRO, NARO ya Uganda na kituo cha Danforth cha Marekani wakatengeneza muhogo unaojulikana kwa nambari 4046, ukajaribiwa Alupe, Mtwapa na Kandara. Juni 2021 mamlaka ya usalama wa kibayolojia, NBA, iliuidhinisha.

Je, ndani yake kuna nini? Kipande cha maandishi ya ganda la virusi viwili vinavyosababisha ugonjwa huo, kimepangwa ili RNA yake ijikunje na kuwa nyuzi mbili. Basi. Daisa ya muhogo inakikata, agonauti ya muhogo inakibeba. Kipande hicho hakitengenezi protini yoyote. Makasi ni yaleyale yaliyokuwa kwenye muhogo uliochemshwa na nyanya yako, na vipande vya RNA vya herufi 21 umekuwa ukivila tangu uachishwe ziwa. Anayesimama kanisani kusema kwamba kitu hicho ni sumu anatakiwa aonyeshe sumu iko wapi, kwenye herufi ipi.

Lakini ninyi wa kambi ya pili msishangilie. Nilisema nitarudi kwenye kulingana kwa herufi. Agonauti haihitaji herufi zote 21 zilingane ndipo ifanye jambo, kwa hiyo kuuliza "mmekilinganisha na jenomu yote ya muhogo?" ni swali halali, na linajibika kwa kompyuta ya kawaida. Kubwa zaidi, kielelezo ni maandishi, na virusi hubadilisha maandishi. Mwaka 2016 Titus Alicai wa Uganda na wenzake walionyesha kwamba kimoja kati ya virusi viwili vya michirizi kinabadilika kwa kasi kuliko mwenzake. Programu ya kuzuia virusi isiyosasishwa kila mtu hapa anajua mwisho wake. Nani anasasisha hii? Kwa bajeti ya nani?

(Tena kuna kituko. Aina za muhogo zenye kinga ya asili dhidi ya batobato zilipokuzwa upya kutoka viinitete vya maabara, hatua inayohitajika ili kuweka jeni, zilipoteza kinga ile. Iliripotiwa 2016. Unatibu ugonjwa mmoja, mtambo wa kujengea unafuta kinga ya mwingine, inabidi uirudishe kwa kuzalisha mbegu kwa njia ya kawaida. Msanidi yeyote wa programu atacheka, kisha atalia.)

Na wenzangu wa kompyuta, siwaachi. Kila mwezi naona kijana na wazo la programu ya simu ya kupiga picha jani na kuambiwa linaumwa nini. Sawa. Mkulima anajua linaumwa, analiangalia kila asubuhi. Virusi havitambuliki kwa uhakika kwa macho ya simu, na mama jirani akiambiwa jina la ugonjwa kwa Kiingereza kizuri bado hana marando. Kazi inayotusubiri ni ya kuchosha na haina tuzo: kila msimu, sampuli za majani kutoka Busia, Bungoma, Trans Nzoia, Kilifi, maandishi ya virusi yasomwe, yawekwe hadharani ambapo mtu yeyote anaweza kuyapakua, na programu ndogo iyalinganishe na kielelezo cha 4046 na kuhesabu herufi ngapi zimehama tangu mwaka jana. Programu yenyewe naweza kuiandika wikendi moja, na ninyi pia. Data ndiyo inayogharimu. Fedha zinazotumika kupiga debe, za pande zote mbili, zingelipia misimu kadhaa.

Siku jambo hili litakaporudi mbele ya majaji au wabunge, natamani wakili mmoja, wa upande wowote, aache maneno ya sumu na ukombozi aulize tu: kielelezo kilichomo kwenye muhogo huu kina herufi ngapi, kililinganishwa na virusi vilivyookotwa shamba gani, na mwaka gani?